Panda kwa Miguu, Shuka kwa Bajaji

Wanaoanza mazoezi Iringa wana kawaida moja. Mtu anatoka mjini asubuhi, anateremka mlima wa Ipogolo mbio mbio, upepo unampiga usoni, anajisikia mwanariadha. Akifika bondeni anatazama juu, anaona mlima ulivyo, anaita bajaji. Mbeya ni hivyo hivyo kwa wanaokaa kwenye miinuko ya kuelekea mlima Loleza: kushuka ni kwa miguu, kurudi ni kwa nauli.

Geuza. Kwa wiki mbili za mwanzo, panda kwa miguu na ushuke kwa bajaji.

Ushauri huu huwashangaza watu kwa sababu kupanda ndiko kunakotoa jasho. Ni kweli, lakini kupanda kunachosha pumzi, na pumzi ukisimama dakika mbili inarudi. Kushuka hakuichoshi pumzi sana, ila kunakata misuli. Unapopanda, nyama za paja zinajikunja na kuusukuma mwili juu. Unaposhuka, nyama zilezile zinageuka kuwa breki: zinakaza huku zikivutwa kurefuka, kila hatua, uzito wa mwili mzima. Misuli isiyozoea kazi hiyo huchanika nyuzi ndogo ndogo. Hausikii chochote siku hiyo. Kesho yake unachechemea kidogo ukishuka ngazi, na keshokutwa kuchuchumaa chooni inakuwa shughuli ya kushika ukuta. Maumivu hayo hufikia kilele kati ya saa 24 na 72, na hapo ndipo wengi wanapoamua kwamba mazoezi "hayawapendi".

Habari njema ni kwamba misuli ikionjeshwa kidogo hujikinga haraka. Mteremko wa dakika tano tu wiki ya tatu unatosha kuifundisha, na kinga hiyo inakaa wiki kadhaa. Kisha ongeza dakika tano kila wiki. Mtu akijirusha mteremko wa saa nzima siku ya kwanza, akavimba mapaja, na mkojo ukawa na rangi ya chai ya rangi iliyokolea, hilo si la kukandwa na maji ya moto. Ni la kwenda hospitali siku hiyohiyo, maana misuli iliyovunjika inamwaga vitu kwenye damu vinavyoweza kuharibu figo.

Kushuka kwenyewe kuna namna yake. Hatua ziwe fupi kuliko unavyotaka. Magoti yalegee kidogo, yasinyooke kama fito. Mguu utue karibu chini ya kiuno, usiutupe mbele. Kosa la kawaida ni kuegemea nyuma na kupiga kisigino kama mtu anayekanyaga breki ya lori. Pigo lote hapo linapanda gotini. Njia ikiwa kali sana, shuka kwa kukata kona, upande huu na upande ule, kama ng'ombe wanavyofanya bila kufundishwa na mtu. Na sikiliza viatu vyako: vikisema pa! pa! pa! unaanguka, hushuki. Mshukaji mzuri hasikiki.

Sasa pumzi. Mbeya mjini ipo takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, Iringa kama 1,600, Njombe inakaribia 2,000. Kwa kimo hicho mgandamizo wa hewa ni pungufu kwa karibu moja ya tano ukilinganisha na Dar es Salaam, kwa hiyo kila pumzi unayovuta inaleta oksijeni pungufu kwa kiasi hicho. Ni hali hiyohiyo inayofanya maji yachemke kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100, na maharage yakae motoni mpaka mkaa unaisha. Mwenyeji ameshazoea, mwili wake umerekebisha damu yake. Aliyeshuka kwenye basi juzi kutoka Pwani atahema kwa kazi ambayo kwao anaifanya akipiga soga. Ajipe wiki moja mpaka mbili za kutembea tu kabla ya kudai kwamba ana pumu.

Kwa sababu ya mlima na hewa, kupima mazoezi kwa kilomita huku ni kujidanganya. Kilomita moja ya tambarare ya Uyole, Mbeya, na kilomita moja ya kupanda kutoka Ipogolo ni vitu viwili tofauti kabisa. Zile programu za simu zinazokukaripia kwamba leo umekwenda polepole hazijui kwamba ulikuwa unapanda. Pima kwa mdomo. Ukiweza kuongea sentensi nzima lakini huwezi kuimba, uko kwenye mazoezi ya wastani. Ukiweza kutoa maneno matatu manne tu kabla ya kuvuta pumzi, hayo ni mazoezi mazito. Ukiweza kuimba wimbo wa mchakamchaka wote na kiitikio, basi unatembea kwenda dukani.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unataka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, au 75 hadi 150 za mazoezi mazito, na juu ya hayo siku mbili za kuimarisha misuli. Wengi wakisikia 150 wanaona ni nyingi, kumbe ni nusu saa kwa siku tano. Zamani hapa watu walizipata bila kujua, kwa kwenda shamba, mtoni na sokoni. Bodaboda imetuondolea dakika hizo taratibu, na kitambi kimechukua nafasi yake. Silaumu bodaboda, nasema tu hesabu ilivyo.

Kwa anayeanza sifuri, hesabu yangu ni hii. Wiki mbili za kwanza tembea dakika 20, siku tano, na siku mbili tu kati ya hizo ziwe za kupanda. Kila wiki ongeza dakika tano mpaka ufike 40. Ukishafika huko bila kuumwa popote, ndipo uanze kuchanganya mbio, na uanzie tambarare: dakika moja ya kukimbia polepole, mbili za kutembea, mara nane. Uwanja wowote wa shule jioni unatosha. Wiki inayofuata dakika moja na nusu kwa moja na nusu. Usiongeze muda wa mbio na mlima katika wiki moja, chagua kimoja. Kano ya kisigino na mfupa wa ugoko vinakomaa taratibu kuliko mapafu, na ndiyo maana mtu wa wiki ya sita, ambaye pumzi imeshafunguka na anajiona yuko vizuri, ndiye anayeumia sana. Maumivu ya ugoko yanayotapakaa eneo refu na kupungua ukipasha mwili, punguza mazoezi kwa nusu kwa wiki mbili. Maumivu yaliyokaa sehemu moja unayoweza kuigusa kwa ncha ya kidole, yanayouma hata usiku, simama kabisa ukapimwe. Huenda mfupa umeanza kupata ufa.

Ukipanda, fupisha hatua na uulegeze mkono. Inama kidogo kuanzia kwenye vifundo vya miguu, usijikunje kiunoni, maana ukijikunja unabana kifua na hewa yenyewe tayari ni chache. Kasi ya pumzi ibaki ileile ya tambarare, mwendo ndio upungue.

Siku mbili za misuli hazihitaji jimu, zinahitaji tofali. Nalisema hili kwa uzito kwa sababu zoezi moja la tofali linafaa magoti ya mtu wa milimani kuliko mashine nyingi. Chukua tofali la bloku la inchi 6, lilaze, linakupa kimo cha sentimita 15 hivi. Liweke karibu na ukuta, mahali pasipotikisika. Simama juu yake kwa mguu wa kulia, wa kushoto uning'inie pembeni. Gusa ukuta kwa vidole viwili, visiwe vya kukubeba. Sasa kunja goti la kulia taratibu ukihesabu moja, mbili, tatu, mpaka kisigino cha kushoto kiguse sakafu kama kinachogusa yai. Usikitulize pale, kipandishe tena. Mara nane, badilisha mguu. Mizunguko mitatu.

Angalia goti linalofanya kazi. Likikimbilia ndani kuelekea goti la pili, nyama za nyonga ni dhaifu, kwa hiyo punguza kimo kwa kutumia kitu chembamba zaidi, hata ubao. Ukisikia kisigino kinatua kwa kishindo, umejiachia hatua ya mwisho, na hiyo hatua ya mwisho ndiyo yenye faida. Kiuno kisizame upande. Bora mara tano safi kuliko nane za kuyumba. Zoezi hili ni mteremko wa mlima uliowekwa kwenye kipimo, na ukilifanya wiki zile mbili unazoshuka kwa bajaji, wiki ya tatu mlima hautakuwa mgeni kwako.

Malizia na mengine machache. Kaa na kuinuka kwenye kigoda bila kujisukuma kwa mikono, mara kumi. Pushapu za kuegemea meza imara kwa asiyeweza za chini. Vigimbi: simama ukingoni mwa ngazi, inuka kwa miguu yote miwili, teremka taratibu kwa mmoja, mara kumi na mbili. Kisha beba ndoo ya lita 10 mkono mmoja, tembea hatua arobaini ukiwa umenyooka kana kwamba hujabeba kitu, hamisha mkono. Hiyo ya ndoo inafunga kiuno kuliko kujikunja tumbo mia. Mwenye presha asibane pumzi akinyanyua. Atoe hewa wakati wa kusukuma, avute wakati wa kurudi.

Kichurachura, kule kurukaruka ukiwa umechuchumaa, kiacheni. Najua wengi mnakikumbuka shuleni na mnaamini ndiyo zoezi lenyewe, lakini kilikuwa adhabu, na goti la mtu wa miaka arobaini mwenye kilo tisini halina kosa la kuadhibiwa.

Juni na Julai ndiyo miezi inayoua nia. Makete na Njombe barafu huonekana kwenye majani asubuhi, na Mbeya ukitoka saa kumi na moja alfajiri vidole vinakufa ganzi. Hakuna sheria inayosema mazoezi ni ya alfajiri. Saa moja na nusu jua likishatoka ni sawa, saa kumi na moja jioni ni sawa zaidi kwa sababu mwili umeshapata joto la siku nzima. Ukilazimika kutoka mapema, pashia mwili ndani kwa dakika kumi: tembea papo hapo ukiinua magoti, zungusha mabega, zungusha nyonga, kaa na kuinuka taratibu. Kujinyoosha kwa kuvuta msuli na kuushikilia kuache mwisho, msuli wa baridi haupendi kuvutwa. Vaa tabaka mbili nyepesi badala ya sweta moja zito. Sweta la pamba likiloa jasho halikauki, na ukisimama tu baridi inakuingia mgongoni. Beba fulana kavu, badilisha mara unapomaliza, kabla ya salamu na mazungumzo.

Lipo jambo la hatari ambalo halizungumzwi vya kutosha. Usipashe mwili kwenye chumba kilichofungwa chenye jiko la mkaa. Mkaa unaowaka ndani hutoa hewa ya kaboni monoksaidi, haina harufu wala moshi wa kuonekana, nayo hung'ang'ania damu kwa nguvu nyingi kuliko oksijeni. Ukihema kwa mazoezi unaivuta kwa wingi zaidi. Kichwa kikianza kugonga na miguu kulegea, toka nje kwanza, maswali baadaye.

Baridi pia hudanganya kuhusu maji. Husikii kiu, lakini kila pumzi inayotoka na ule moshi mweupe ni maji yanayoondoka. Kunywa kikombe kimoja au viwili kabla ya kutoka, na vingine ukirudi. Mkojo uwe na rangi ya njano hafifu. Jua nalo ni kali zaidi kadiri unavyopanda hata kama ngozi inasikia ubaridi, kwa hiyo kofia si urembo.

Chai inahesabika kama maji, tatizo ni sukari yake. Kijiko cha chai cha sukari ni kama gramu 4. Vijiko vitatu kwa kikombe, vikombe vinne kwa siku ya baridi, hapo umemeza gramu 48 kabla hujala andazi. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongeza isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, ambayo kwa mtu wa kawaida ni kama gramu 50, na nusu ya hapo ndiyo bora. Usiache chai, punguza nusu kijiko kila wiki mbili, ulimi hautagundua. Tangawizi husaidia kuuficha upungufu.

Kwa chakula, anayeishi Nyanda za Juu Kusini hana kisingizio. Maharage yapo, maziwa yapo, chainizi na majani ya maboga yapo mlangoni, parachichi la Rungwe na Njombe linapakiwa kwenda nje ya nchi wakati mwenyeji anatafuta dawa za kupunguza mwili. Kosa liko kwenye mpangilio wa sahani. Ugali unakaa kama mlima, mboga inakaa kama kijiji bondeni. Fanya mboga na matunda vifike nusu ya sahani, ugali au wali au viazi robo, maharage au samaki au nyama robo. Parachichi ni mafuta mazuri, lakini ni mafuta, kwa hiyo nusu tunda linachukua nafasi ya mafuta ya kukaangia, si juu yake. Viazi mviringo vya kuchemsha havina ubaya wowote. Vikiingia kwenye karai na kutoka kama zege la chipsi mayai, hapo ndipo mambo yanapobadilika. Chumvi ya siku nzima isizidi kijiko kimoja cha chai, pamoja na iliyomo kwenye vile vidonge vya kiungo cha mchuzi. Na ulanzi, ile pombe ya mianzi, uwe mtogwa ulio mtamu au mkangafu ulio mkali, usiunganishwe na mazoezi ya kesho asubuhi. Pombe inavuruga usingizi na inakausha mwili, na usingizi wa saa saba ni sehemu ya mazoezi.

Kabla ya kuanza yote haya, kapime presha na sukari, hasa ukiwa umepita miaka arobaini au nyumbani kuna historia. Presha ambayo namba ya juu ni 140 au zaidi, au namba ya chini ni 90 au zaidi, ikirudiwa siku nyingine ikabaki hapo, ni ya kuzungumza na daktari, na mara nyingi atakwambia utembee. Anayetumia dawa za kisukari atembee na glukosi au soda ndogo mfukoni. Kifua kikibana, maumivu yakienda begani au tayani, au kizunguzungu kikija ukiwa unapanda, kaa chini. Usijikaze ufike kileleni.

Barabarani, kwa kuwa magari yetu yanakwenda kushoto, wewe tembea kulia ili ulione lori linalokujia. Barabara kuu ya Tunduma haina huruma na mtembea kwa miguu wakati wa ukungu. Vaa kile kikoti cha bodaboda kinachong'aa, au bora zaidi ingia njia za ndani za vumbi, ambazo pia ni laini kwa miguu.

Nimeacha raba mwisho kwa makusudi, kwa sababu watu huanzia hapo na kuishia hapo. Raba ya mtumba ya Mwanjelwa kule Mbeya au Mashine Tatu kule Iringa inafaa kabisa, ikichaguliwa kwa akili. Nenda mchana au jioni miguu ikiwa imetanuka. Usitazame rangi, igeuze uiweke mezani uitazame kwa nyuma: ikilalia upande mmoja, mwenyewe wa kwanza aliipinda na wewe utarithi mwendo wake. Ikunje. Inapaswa kukunjikia penye vidole, ikikunjikia katikati iache. Bonyeza sponji la pembeni kwa kidole gumba: zuri linabonyea na kurudi, lililozeeka ni gumu kama soli ya kandambili iliyokaa juani, hata kama raba inaonekana mpya. Vuta ncha ya soli uone kama gundi inaachia. Ivae na soksi, uhakikishe mbele ya kidole kirefu pamebaki nafasi ya upana wa kidole gumba, maana kwenye mteremko mguu husogea mbele, na kucha nyeusi nyingi za wapanda milima zinatoka hapo.

Kuanzia Novemba mpaka Aprili raba itaoga matope karibu kila siku, na ukiwa Tukuyu hata miezi mingine. Siku za utelezi hamishia mazoezi barazani: kamba ambayo ukiikanyaga katikati ncha zake zinafika kwapani, nusu dakika kuruka, nusu dakika kupumzika, mara kumi, miguu ikiinuka kidogo tu kutoka chini. Raba iliyoloa toa soli ya ndani, ondoa matope kwa brashi na maji baridi, jaza gazeti ndani, na baada ya saa moja badilisha gazeti. Usiiweke karibu na jiko. Gundi itaachia, sponji litakakamaa, na asubuhi utakuwa na raba kavu isiyofaa kuteremkia hata ngazi.